Ukurasa wa Kumi na Moja Hautoki

"Toa ukurasa wa kumi na moja," msimamizi wake wa utafiti alimwambia pale mlangoni, dakika kumi kabla hawajaitwa ndani. "Toa, upite, urudi kwa wagonjwa wako. Nakuomba kama mdogo wangu."

"Hautoki, Daktari."

"Sista, hii ni mara yako ya tatu mbele ya jopo, na hakuna ya nne. Wakikukataa leo jina lako linafutwa chuoni."

"Najua."

"Unajua halafu unanikazia macho!"

Akamkazia kweli. Muuguzi huyu, ambaye wodi nzima ya watoto walioungua ilimwita Mama Bandeji, hakuwa mtu wa kubembelezwa akabembelezeka. Alikuwa anataka jambo moja tu: kujua kwa nini watoto wakiruhusiwa kwenda nyumbani hawarudishwi kubadilishiwa bandeji, mpaka waje kuletwa vidonda vimeoza na vidole vimegandana. Lakini chuo hakikuruhusu umuulize mtu hata swali moja kabla hujasoma waliolishughulikia jambo hilo, ukaonesha kitu gani hawakukijua. Bila hivyo huna tatizo la utafiti, una malalamiko tu.

Mara ya kwanza alipeleka kurasa thelathini za fulani kasema hivi, fulani kasema vile. Jopo likacheka. "Hii ni orodha ya waalikwa wa harusi," mmoja alisema. Mara ya pili alizipanga vizuri, na zote zilikuwa na jibu moja: uzembe wa wazazi. "Sasa kama wote wamekubaliana," Mwenyekiti aliuliza, "tatizo lako liko wapi?" Alikwenda kulia chooni, akanawa uso, na alipotoka alikuwa amepandwa na hasira.

Hasira hiyo ndiyo iliyomfundisha kusoma. Alizirudia tafiti zote kumi na nane, na safari hii hakujali zinasema nini. Kila moja aliiuliza kama anavyouliza mtu aliyeletewa umbeya: nani kakwambia? Huyu kaambiwa na yule, yule kaambiwa na wa nyuma yake. Alichora mishale nyuma ya kalenda kuukuu ya wodi, na mishale yote, lo, ikaishia kwenye ripoti moja ya hospitali yake mwenyewe, ya miaka tisa nyuma. Ripoti ilikuwa na jedwali moja. Chini ya jedwali, kwa herufi za kuumiza macho: chanzo ni daftari la wodi, safu ya saba.

Siku ya mapumziko yake akateremka stoo ya kumbukumbu. Karani wa mafaili alimtolea daftari lenyewe huku akipiga chafya. Safu ya saba ilikuwa na kichwa, "Sababu ya kutorudi", na chini yake: uzembe, uzembe, uzembe, kurasa kwa kurasa.

Mwandiko ulikuwa wake.

Alikuwa hata amesahau! Mwaka ule ndio kwanza ameajiriwa, na matroni wa enzi hizo hakutaka kuona kisanduku kitupu. Basi kila mwisho wa mwezi wauguzi walikaa na vikombe vya chai wakajaza. Wangemuuliza nani? Asiyerudi hayupo pale kuulizwa. Yeye ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, wakampa kalamu. Aliketi juu ya boksi la mafaili, aibu imemshika mpaka masikio yanawaka. Kisha akapanda kwenda kuandika ukurasa wa kumi na moja.

Wakaitwa. Jopo lilikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu, chupa za maji mbele yao. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameandika mbili kati ya zile kumi na nane, na msimamizi moja. Mama Bandeji alilijua hilo vizuri. Akawasha projekta, akaonesha mishale yake, mshale kwa mshale, majina na miaka.

"Tafiti kumi na nane," alisema. "Wazazi waliohojiwa, hakuna hata mmoja. Zote zimenakili daftari moja, na daftari hilo nililijaza mimi, kwa kubuni. Wale wazazi sijawahi kuwauliza kitu. Tatizo langu ndilo hilo. Sababu hatuijui, na kwa miaka tisa tumejifanya tunaijua."

Mwenyekiti alivua miwani. "Unaelewa kwamba unajishtaki? Hii ni kubuni kumbukumbu za wagonjwa. Unaweza kumwaga unga."

"Naelewa."

"Sikiliza, dada. Hoja yako ni nzuri, sikatai. Andika tu kwamba chanzo cha takwimu kina mapungufu. Inatosha. Mimi nasaini sasa hivi."

Msimamizi akamtazama kwa macho ya kumsihi. Yeye akamgeukia Mwenyekiti.

"Mapungufu hayo yana mwandiko, Mwenyekiti, na mwandiko ni wangu. Nikiuficha leo, atakayenifuata atanakili tena. Kila mama niliyemwandika atabaki mzembe mpaka anazikwa, kwa sababu mimi nilikuwa nakunywa chai! Thubutu. Nifuteni chuoni, lakini ukurasa hautoki."

Mjumbe wa pembeni akafungua chupa ya maji asinywe. Mwenyekiti aliurudia ukurasa wa kumi na moja taratibu, mstari kwa mstari, uso umemwiva. Halafu akavuta fomu, akasaini, akaisukuma mezani bila kumtazama. "Hospitali nitaiandikia barua leo hii," alisema.

Kweli aliiandika. Mama Bandeji alipewa onyo kali na kuhamishiwa stoo ya vifaa miezi sita, na wauguzi wenzake waliokunywa naye chai ile wakaacha kumsalimia. Kibali cha kuhoji kilipotoka, alifunga mlango wa stoo mchana mmoja, akalifungua lile daftari na kuanza kupiga namba za simu za wazazi zilizoandikwa humo. Kumi na moja hazikupatikana. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

Alijitambulisha, akamtaja mtoto, akauliza alichopaswa kuuliza miaka tisa iliyopita: "Mama, kwa nini hukumrudisha?"

"Nilimrudisha, sista," mwanamke alisema. "Mara mbili. Mlikuwa mnakunywa chai, mkaniambia nisubiri nje. Nikasubiri mpaka mkafunga."

Mama Bandeji alishika ukingo wa meza. Machozi yalimdondoka kwenye karatasi, akayafuta kwa kiganja ili wino usichafuke.

"Endelea, mama," alisema. "Naandika."