Orodha ya Wakandaji

Orodha ya waliochaguliwa kusomea ukandaji ilitoka saa nne asubuhi, na kwenye tovuti ya chuo chetu hapa mjini Khujand ilikuwa takataka tupu. Kila herufi imegeuka alama mbili za ajabu. Asiyebonyeza jina lake humo kuthibitisha kabla ya saa kumi jioni angepoteza nafasi.

"Weka picha," alisema mkuu wangu Murodali, ambaye kwa heshima tunamwita aka, yaani kaka. "Karatasi ina muhuri. Ipige picha, tukanywe chai."

Ndivyo tulivyofanya siku zote. Lakini simu ikalia. Alikuwa Gulandom, mwombaji asiyeona. Simu yake humsomea maandishi kwa sauti.

"Dada Mavzuna, simu yangu leo inaongea kama mlevi. Jina langu lipo?"

"Subiri nikusomee."

"Usinisomee. Nimesomewa tangu nizaliwe. Nataka nisikie mwenyewe, nibonyeze mwenyewe."

Picha isingemwambia neno. Nikaketi tena.

Ndani ya ukurasa nilikuwa nimeandika wazi kwamba maandishi ni ya UTF-8, mfumo wa herufi unaobeba lugha zote, na nakala iliyo kwenye kompyuta yangu ilisomeka vizuri. Nikachungulia jibu linalotumwa na seva. Kichwa chake, yaani maelezo yanayotangulia ukurasa, kilitangaza mfumo wa zamani wa herufi za Kirusi, na kivinjari huamini kichwa kabla ya ukurasa.

"Seva hiyo aliiweka Rustam kabla hajahamia Urusi," alisema aka Murodali. "Haiguswi. Ukiibadili, kurasa za zamani zote zinaharibika."

Hapo alisema kweli; kurasa hizo ziliandikwa kwa mfumo ule wa zamani. Siku nyingine ningenyamaza.

"Sitagusa zote, aka. Folda hii moja tu."

"Na ikivunjika?"

"Nitasema ni mimi."

"Utasema? Wewe ambaye hata sukari unaiomba kwa ujumbe wa simu?"

Uso uliniwaka, lakini sikuinuka. Nikaiandikia folda ya orodha mstari wake, ili seva itangaze UTF-8:

Content-Type: text/html; charset=utf-8

Nikafungua ukurasa wa zamani: mzima. Nikafungua orodha: majina yote yamenyooka. Aka Murodali akainama kusoma.

Nikampigia Gulandom. "Fungua upya."

Kupitia simu nilisikia ile sauti ya mashine ikitaja majina, moja baada ya jingine. Kwenye la kumi na moja, lake mwenyewe, akairudisha. Akairudisha tena.

"Bonyeza basi," nikamwambia.

"Tulia, dada. Bado nasikiliza."

Saa tisa na robo jina lake likageuka kijani kwenye kioo changu: amethibitisha.