Anayeunga Nyumba Hasemeshwi

Lavonne Stadler alikuwa juu ya paa la nyumba yake, amepiga magoti, akipaka gundi nyeupe kuzunguka bomba la hewa la choo, mwanawe alipowasili. Alimwona tangu mbali, gari la kukodi likitimua vumbi kati ya mikaktasi. Hakushuka. Gundi ile ikishafunguliwa haimngoji mgeni, hata kama mgeni huyo umemzaa mwenyewe.

"Mama! Unafanya nini huko juu?"

"Naziba paa, Darrin."

"Una miaka sabini na moja!"

"Na paa lina kumi na tatu, na kwa paa huo ni uzee kuliko wangu. Shika ngazi hiyo, acha kunipigia kelele."

Darrin alishika ngazi. Alikuwa mtoto mwema, meneja wa duka la vyakula kule Omaha, mtu anayelala vizuri pale tu anapojua kila mtu wake yuko chini ya paa lisilotembea. Na mama yake hakuwa chini ya paa la namna hiyo tangu yeye na marehemu Merle walipostaafu, wakauza nyumba yao Nebraska na kununua trela kubwa lenye chumba, jiko, sebule na choo, pamoja na pikapu nzito ya kulivuta. Wakawa watu wa magurudumu. Baridi ikiingia, wanashuka jangwani Arizona, nje ya Quartzsite; joto likianza kuunguza, wanapanda milimani. Merle alifariki mwaka juzi. Watu wote wa familia walidhani Lavonne atarudi mjini baada ya mazishi. Yeye alirudi jangwani.

Jioni walikula maharage ya nyama na mkate wa mahindi, na Darrin akatoa alichojia.

"Mama, mimi na Trisha tumekuandalia chumba pale kwetu. Kizuri. Kina dirisha."

"Linaangalia wapi?"

Darrin alisita. "Gereji ya jirani."

Lavonne aligeuza macho kwenye dirisha lake mwenyewe, ambako mlima mzima ulikuwa unabadilika rangi. Kuna mambo ukiyatetea kwa maneno unayashusha hadhi.

"Si suala la dirisha," Darrin akaendelea, sauti ikilainika. "Ni kwamba uko peke yako. Baba ndiye aliyekuwa akijua haya mambo. Leo nimekuta boneti ya pikapu umeiacha wazi. Wazi kabisa, mama! Nikakufungia. Halafu nimeona kingo za pikapu kule nyuma zimebonyea pande zote mbili. Sijui uligonga nini, na sikuulizi. Lakini baba hakuwa mtu wa kubonyeza gari."

Lavonne aliyasikia yale mabonde mawili ya kingo za pikapu yakitajwa, akatazama kofia ya Merle, ile ya majani yenye ukingo mpana, iliyotundikwa msumarini kando ya mlango. Hakuna aliyeigusa tangu mwenyewe aondoke. Akanyanyuka, akaanza kukusanya sahani.

"Boneti umeifunga?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Haya. Asubuhi utakuja kuona."

Asubuhi walipoifungua, panya wa jangwani walikuwa wameshahamia. Juu ya injini palijaa vijiti, miiba ya kaktasi na kijiko cha plastiki ambacho Mungu peke yake ndiye anajua walikiokota wapi. Ndiyo maana kambi nzima huacha boneti wazi usiku: panya hapendi kujenga mahali penye mwanga wa mwezi na upepo. Jirani yao, Ozzie Pruitt, mpiga kinanda wa kanisa aliyestaafu, alikuja na kikombe cha kahawa na kijibwa chake Pickle, akachungulia na kutikisa kichwa.

"Kijana, umewajengea wageni hoteli! Kifungua kinywa wanalipia au ni bure?"

Darrin alicheka kwa shida. Alisaidia kutoa miiba, akachomwa vidole, na aibu ile ikamfanya ang'ang'anie zaidi lile lililomleta. Binadamu ndivyo tulivyo.

"Tufanye hivi, mama," akasema, mbele ya Ozzie. "Leo unahama kwenda Prescott, kule milimani, sivyo? Nitapanda nawe. Uunge nyumba kwenye pikapu mwenyewe, uivute mwenyewe, uiegeshe mwenyewe. Ukifika bila jambo lolote kuharibika, sitalitaja tena suala la Omaha. Kitu kimoja kikienda kombo, kiangazi hiki tunauza. Sawa?"

Ozzie alikohoa. Lavonne alijifuta mafuta mikononi taratibu. Alijua mwanawe hatanii, na alijua kuwa kwa miguu yake ya sasa na bila watoto wake upande wake hawezi kupigana vita hiyo kila mwaka. Akipoteza leo, amepoteza kila kitu: mlima dirishani, kelele za Ozzie, ile asubuhi ya kuondoka isiyo na mfano duniani.

"Sawa," akasema, akampa mkono.

Sasa, watu wa magurudumu hawana sheria nyingi. Kunywa, usinywe, sali, usisali, kila mtu na lake. Lakini moja wanaiheshimu kuliko zote: mtu anayeunga nyumba kwenye gari hasemeshwi. Hata salamu hapewi. Maana kazi yenyewe ni vitu vidogo vidogo vinavyofuatana, na neno moja tu likipenya katikati, kitu kimoja kinarukwa, nacho hutakijua mpaka uko barabarani. Ndiyo maana Lavonne alipovaa glavu, Ozzie aligeuza kiti chake, akaketi, akafunga mdomo. Kwa Ozzie hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba mawe.

Darrin hakuijua sheria hiyo. Nani angemwambia?

Lavonne alianza kama siku zote, akigusa kila kitu kwa mkono. Mpira wa maji, umetolewa. Bomba la choo, limeoshwa na kufungiwa mahali pake. Antena, iko chini. Ngazi ya mlango, imekunjwa. Kabari za magurudumu ziko imara. Akaingia kwenye pikapu, akaanza kuirudisha nyuma polepole kuelekea kwenye ile pini nene ya chuma inayoning'inia mbele ya nyumba, ambayo inapaswa kuingia kwenye taya la kiungio lililofungwa nyuma ya pikapu, na taya liume.

"Kushoto, mama! Kushoto kidogo! Hapo! Hapana, kulia!" Darrin alikuwa anapunga mikono miwili kila upande wake.

Lavonne alimpuuza, akatazama vioo vyake. Ndipo simu ya Darrin ikalia.

"Trisha! Ndiyo, anaiunga sasa hivi. Subiri nikuwekee sauti. Mama, Trisha anakusalimia!"

"Hujambo mama? Mnaendeleaje huko na joto?" simu ikasema.

Hapo Lavonne alikosea. Alikuwa na haki ya kunyamaza, lakini mkwe ni mkwe, na hakutaka ionekane kwamba amekasirikia chumba chenye dirisha. "Hatujambo, binti yangu," akajibu, "joto linavumilika," na wakati ule ule pini ikaingia.

Darrin alikata simu, akachungulia. "Imeingia! Imeshika, mama. Nimeiona kwa macho yangu. Nyanyua miguu ya nyumba twende, jua linapanda."

Lavonne alichomeka waya wa umeme wa taa na breki. Akaenda ubavuni mwa nyumba, kwenye kitufe cha kunyanyua ile miguu miwili ya chuma iliyobeba uzito wote wa mbele. Akaweka kidole.

Kwenye kiti chake Ozzie alikuwa amemshika Pickle mdomo, na uso wake mwenyewe ulikuwa umeiva kama nyanya. Kuna kitu alikuwa amekiona. Lakini sheria ni sheria, na zaidi ya sheria, akisema, Darrin atahesabu kwamba mama yake ameokolewa na jirani. Alibaki akimkodolea Lavonne macho, huku kijibwa kikijikunyata.

Lavonne hakumwangalia Ozzie. Alikuwa anasikiliza nyuma, katika kumbukumbu ya muda mfupi uliopita. Aliisikia sauti ya Trisha. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema joto linavumilika. Ambacho hakukisikia ni *kraka*, mlio wa taya likiuma pini.

Akaondoa kidole.

"Kulikoni tena?" Darrin akauliza. "Nimekwambia imeshika."

"Nimekusikia."

Alirudi kwenye pikapu, miguu ya nyumba ikiwa bado imesimama imara chini. Akabana breki za nyumba kwa mkono, akaweka gia ya mbele, akaachia pedali kidogo, kama anavyofanya kila safari, iwe mvua, iwe ana homa, iwe hakuna anayemtazama. Kama taya limeuma, gari litakataa kwenda.

Gari lilikwenda. Lilisogea shubiri moja, na pini ikachomoka taratibu kwenye taya lililokuwa wazi nusu. Nyumba haikutikisika hata kikombe. Lavonne akazima injini.

Darrin alisimama mdomo wazi. Kisha akajishika kiuno, na sauti yake ilikuwa ya huzuni zaidi kuliko ushindi. "Basi, mama. Umeona mwenyewe. Haikushika. Tulikubaliana, kitu kimoja kikienda kombo..."

"Ni kipi kimekwenda kombo?"

"Haikushika!"

"Nani alisema imeshika?"

Darrin alikodolea macho taya lililo wazi.

"Darrin, njoo hapa." Alimvuta mkono mpaka nyuma ya pikapu, akamwekea kiganja juu ya bonde la upande mmoja, kisha la upande wa pili. "Uzito wa nyumba hii unashikiliwa na miguu miwili tu pale mbele. Ningekusikiliza nikaikunja, nikaondoka, nyumba ingeangukia hapa. Hapa hasa, ulipoweka mkono. Kila mtu kambini anajua mabonde haya yanatokana na nini."

Darrin alitazama mabonde, akatazama nyumba. Alianza kuelewa, na uso ukambadilika. "Kwa hiyo uliwahi kuiangusha."

"Si mimi. Baba yako. Mwaka wetu wa tatu, kule New Mexico. Alikuwa anapiga soga na mtu kuhusu samaki."

"Baba?"

"Baba yako. Siku ile ile alivua glavu hizi, akanipa. Akasema, 'Lavonne, kuanzia leo unga wewe, mimi nitanyamaza.' Ni mimi niliyeunga nyumba hii miaka yote hiyo, mwanangu. Yeye aliendesha, naye aliendesha vizuri, Mungu amlaze pema. Lakini haikutoka mahali hata mara moja pasipo mkono wangu."

Darrin alibaki ameshika chuma kilichobonyea. "Jana nilisema ni wewe. Mbona hukunijibu?"

"Ulikuwa unapenda kusema baba yako hakuwahi kubonyeza gari. Nilikuachia."

Ozzie hakuweza tena. "Alikuwa anasimama pale pale!" akapayuka, akinyoosha kidole mlangoni mwa nyumba, na Pickle akaanza kubweka kwa kufunguliwa mdomo. "Merle! Na ile kofia yake amejifunika nayo mdomo, ili mtu yeyote akija aone kwamba hapa haongei mtu! Mimi mwenyewe nilinyamazishwa na kofia ile, mimi ambaye hata maaskofu walishindwa kuninyamazisha!"

Lavonne alicheka, na machozi yakamtoka humo humo ndani ya kicheko. Kisha akajifuta kwa mgongo wa glavu, akaingia kwenye pikapu, akairudisha tena. Safari hii hapakuwa na mikono inayopunga. Pini iliingia, na taya likauma: *kraka*, sauti safi iliyosikika mpaka kwa Ozzie. Akavuta kwa mbele, gari likakataa kwenda. Ndipo akanyanyua miguu, akaondoa kabari.

Njia nzima ya kupanda milima ya Prescott Darrin hakuongea sana. Mara moja tu aliuliza kwa nini mama yake anasimama kila kituo na kuweka kiganja juu ya magurudumu. Akamwambia, gurudumu linaloumwa linakuwa na homa kabla ya wenzake. Kituo kilichofuata, Darrin alishuka wa kwanza, akaanza kugusa magurudumu ya upande wake.

Walifika alasiri kwenye kambi yenye misonobari. Nafasi waliyopewa ilikuwa nyembamba, yenye kona mbaya na jiwe kubwa upande wa kulia. Na kama kawaida, mwanamke mwenye nywele nyeupe anaporudisha nyumba ndefu kinyumenyume, wanaume wawili waliinuka vitini na bia zao mkononi, wakaja mbio mbio kumwelekeza.

"Bibi! Kata kushoto, bibi! Subiri nikuongoze!"

Lavonne aliwaona kwenye kioo, akakaza meno. Kisha akaona kitu kingine. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na Darrin, aliyekuwa ameshuka kwenye pikapu walipofika, alikuwa ameshasimama mbele ya wanaume wale. Alikuwa na kofia ya Merle. Ameitoa msumarini, amejifunika nayo mdomo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameunyoosha kuwazuia.

Wanaume wakanyamaza. Lavonne alikunja usukani, akaingiza nyumba yake kwa mara moja, katikati ya nafasi, jiwe likabaki pembeni bila kuguswa. Alipozima injini hakushuka mara moja. Alikaa akimtazama mwanawe kwenye kioo, maana alikuwa bado hajaishusha ile kofia.