Nukta ya Kulengea

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mhudumu wa mashine ya leza, mwanga wa kuchomea chunjua, alikuwa hajavaa miwani ya kukinga macho.

Aliyeliona hilo alikuwa mchomeleaji vyuma, aliyemsindikiza shemeji yake, kinyozi. Kinyozi alikuwa na chunjua tatu kwenye kidole gumba cha kulia, na wateja walikuwa wameanza kuzikwepa. Mwenye saluni alimwambia akatibiwe. Jumatatu hii bila ushahidi wa tiba, asije kazini. Leo Ijumaa, alikuwa anachomwa kwa mara ya nne. Chunjua alizipima kwa rula kila wiki: hazikupungua.

Ukutani palibandikwa tangazo: KILA ALIYEMO CHUMBANI AVAE MIWANI. Kinyozi na shemejiye walivaa. Nukta nyekundu ikatua kwenye gumba, mashine ikalia ti, ti, ti.

"Unasikiaje?" mchomeleaji aliuliza.

"Kajoto."

"Kajoto! Shemeji, moto usiouma ni wa kuchora."

"Wewe umezoea kuungua. Mwache daktari afanye kazi."

"Daktari wako hajavaa miwani."

"Nimeshazoea, kaka," mhudumu alisema bila kugeuka.

"Macho hayazoei. Mwenzangu aliyezoea, leo anashikwa mkono kuvuka barabara."

Mchomeleaji akatoa mfukoni utepe mweusi wa umeme, akabandika kipande kwenye kijiti cha kukandamizia ulimi kilichokuwa mezani.

"Choma hapa."

Nukta ikatua. Ti, ti, ti. Utepe ulibaki vilevile: hakuna moshi, hakuna harufu.

"Hiyo ni nukta ya kulengea," mchomeleaji alisema. "Bunduki imelenga mara nne, haijafyatuka hata mara moja."

"Yaani nakaza meno yote haya kwa tochi?" kinyozi alisema.

Mhudumu aliinama nyuma ya mashine. Ufunguo wa mashine ukasikika ukigeuka. Kisha akafungua droo, akatoa miwani iliyokuwa bado ndani ya nailoni, akaichana kwa meno, akaivaa.

Akalenga utepe. Pa! Moshi mwembamba ukapanda, na harufu ya plastiki iliyoungua.

Kinyozi alikitazama kijiti, akalitazama gumba.

"Jumatatu nitakuwa na bendeji."

"Bendeji ni ushahidi," shemejiye alisema. "Chunjua ndizo zinazoleta maneno ya watu."

Kinyozi akarudisha mkono mezani.

Saa nne na dakika thelathini na moja, alipiga kelele.