Foleni Nyuma ya Mbwa

Je, wewe umewahi kupewa mbwa umkondeshe? Basi keti, usikie yaliyompata mama Godeberthe, mjane Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda.

Alipeleka maharagwe Mbarara, kwa mteja wake Angella, mke wa afande Jovan, kule kwenye makazi ya askari Makenke. Akakuta msiba usio na maiti. Daktari wa mifugo amesema mbwa wao, Kamanda, pamoja na paka wao, wamenenepa kupita kiasi. Wasipofanya mazoezi kila siku, mioyo yao itasimama. Kamanda mwenyewe alikuwa amelala kama gunia la posho, hata nzi hafukuzi.

"Mama, peleka hawa kwenu," afande akasema. "Huko Nakivale watu natembea mingi. Wakikonda, mimi nakuja chukua."

Godeberthe alitaka kukataa. Lakini Kamanda akamwekea kidevu juu ya mguu, na tangu binti yake Doriane ahamishiwe Kanada, hakuna kiumbe aliyekuwa amemwegemea. Akakubali.

Kumbe mbwa wa askari haendi kwa kubembelezwa. Aliitwa, akavutwa kamba, wapi! Mpaka Godeberthe akakaza shingo kama alivyowaona askari wakifanya: "Kamanda! Mbele, tembea!" Mbwa akainuka, akapiga kwata kama yuko kwenye gwaride. Paka alikataa katakata kukanyaga vumbi, ikabidi abebwe ndani ya karai, kichwani. Mazoezi yake akayafanya bibi.

Sasa, mtu wa Nakivale akimwona mwenzake asubuhi, karai kichwani, anakwenda mbio bila kugeuka, hafikirii paka. Anafikiria mgao wa chakula. Jirani yake Nicodème, katekista, akanyakua gunia, akafuata. Prudence akamfuata Nicodème. Walipofika kanisani, foleni ilikuwa imepinda kona.

"Mama Doriane, mgao uko fasi gani?" Nicodème akauliza.

"Hakuna mgao, baba. Ninatembeza imbwa."

Watu wakatazamana, wakacheka, wasimwamini. Nani aliyejua penye mgao akapatangaza? Kesho yake wakaja wengi zaidi. Nicodème akasimamia utaratibu, asiwepo wa kuruka mstari. Prudence alipokwenda kunyonyesha, aliacha jiwe limshikie nafasi, kama ilivyo desturi. Na kwa kuwa foleni yenyewe ilikuwa inatembea, aliyekuwa nyuma yake akalibeba lile jiwe mpaka mwenyewe aliporudi.

Kamanda akakonda vizuri. Hapo ndipo Godeberthe alipoanza kukosa raha, maana kila ubavu uliotokeza ulikuwa unamwita afande. Akamwongezea mbwa ugali wa muhogo, akautia dagaa. Haikusaidia. Siku moja akajaribu kubaki kitandani. Nicodème akaja kupiga hodi.

"Mama, watu wamekwisha kupanga mustari. Usituharibie siku."

Afande Jovan alikuja na pikapu, akaikuta foleni inapita, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwani watu nao walikuwa wameishika kwata. Akapiga saluti kabla hajajua anampigia nani.

"Kazi muzuri, mama," akasema, akipapasa mbavu za mbwa. "Kamanda, mbele, tembea!"

Kamanda akaenda moja kwa moja, akaruka nyuma ya pikapu. Foleni ikamfuata. Nicodème akapanda na gunia lake, akawa anawapa mkono waliofuata, huku akiwasihi wasisukumane.

"Na hawa? Nao ni wako?" afande akauliza.

Godeberthe akamwuliza hali ya Angella. Akampa pole ya safari. Akasifu mvua iliyonyesha juzi. Afande akaitikia yote, akafungua mlango wa gari. Ndipo Godeberthe akalitua karai chini, paka akiwa ndani, naye mwenyewe akakaza shingo.

"Afande," akasema, "huyu imbwa simurudishi. Ninataka abakie kwangu, hata akinenepa."