Kishindo Chini ya Dawati

Madam Angeline hakuwa mtu wa kuibiwa mtihani mchana kweupe. Katika miaka yake yote ya kufundisha Kiingereza hapa Eldoret, hakuna mwanafunzi aliyemchezea shere. Kwa hivyo aliposikia kishindo chini ya madawati, alitega sikio.

Kidato cha nne walikuwa kwenye swali la nomino ambatano: gawa neno kwa silabi, kisha pigia mstari silabi yenye mkazo. Rainwater. Greenhouse. Grasshopper. Swali hilo liliwatoa jasho muhula mzima, hasa Jerop, msichana wa Ainabkoi aliyeweka mkazo popote kalamu ilipoangukia. Leo Jerop alikuwa akiandika bila kufuta. Kabla ya kila jibu mguu wake uligonga sakafu ya mbao, pigo zito kisha jepesi, na nyuma yake Felix akagonga vilevile. Hawa wanapeana majibu, Angeline akajiambia, na mimi wananiona bwege.

Shuleni hapo mwanafunzi yeyote aliyenaswa akinakili alifukuzwa, na mtihani wa taifa ndio ulikuwa mlangoni. Angeline alilijua hilo. Hata hivyo aliinyakua karatasi ya Jerop akairarua.

“Unampigia nani hizo ishara?”

“Hakuna mtu, Madam. Najikumbusha tu.”

“Na kiatu? Kuja hapa mbele. Sema grasshopper, tuone hiyo kiatu itakusaidia aje.”

Jerop akaja, machozi yakimlengalenga. Akalitamka neno, mguu ukigonga mara tatu, pigo la kwanza zito. Sawasawa. Angeline akampa mengine ambayo hayakuwa kwenye mtihani. Hakukosa hata moja, na hilo likamtia Angeline shaka zaidi.

“Nani alikufundisha hii ujanja?”

Jerop akainamisha macho. “Si ni wewe, Madam. Ukisema neno pale kwa ubao, huwa unagonga na kisigino. Sisi hufuata tu.”

“Mimi? Lini?” Akaugeukia ubao kwa hasira ili awaonyeshe. “Sunflower.” Kisigino chake kikagonga: zito, jepesi, jepesi. Hakuna aliyecheka.

Alimpa Jerop karatasi nyingine na muda wa kuandika upya, akamwomba radhi mbele ya wenzake. Aibu ilimchoma kwelikweli.

Jumatatu alirudia somo, safari hii akigonga makusudi ili wamfuate. Felix akagonga. Darasa zima likagonga. Jerop alikuwa ameipandisha miguu yake juu ya upau wa chini wa dawati, na haikugusa sakafu mpaka kengele ikalia.