Wingu Halikusubiri Makande

Shemeji yangu Nathanaeli ana leseni ya kurusha ndege ndogo, ana zamu kwenye ndege ya watu wawili ya klabu yao ya Moshi, na ana mdomo wa watu kumi. Jumamosi ile alitua Maore saa moja na nusu asubuhi, kwenye kiwanja cha nyasi cha shamba la zamani la katani. Alikuja kunichukua. Maji yalikuwa yamekata barabara ya kwenda Same inayopitia Kisiwani, na mimi nilitakiwa niwe Same saa nane mchana bila kukosa. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa anabatizwa. Anaitwa Asteria, kama mimi, na mimi ndiye niliyepangwa kumshika mbele ya padre.

"Twende sasa hivi, shemeji," alisema. "Aplikesheni inasema anga safi."

"Na tumbo lako linasema nini?"

Akachungulia jikoni. Nilikuwa nimebandika makande, mahindi na maharage, tangu alfajiri. Kwetu mgeni haondoki hajala, hata akija na ndege, na makande hayana haraka na mtu. Unakaa, unachochea kuni, unangoja.

Mke wake, mdogo wangu Devotha, akapiga simu kutoka Moshi. Nikaiweka kwenye spika.

"Mwambie huyo mume wangu afungue ile tovuti ya hali ya hewa, aone picha ya mawingu ya sasa hivi."

"Tovuti!" Nathanaeli akacheka. "Mtandao ukikatika inakuachia ukurasa mweupe. Hii hapa," akakipigapiga kishikwambi chake kama mtu anayesifia ng'ombe wake mnadani, "ina ramani yote ndani. Mtandao ufe, ufufuke, mimi najua nilipo."

"Utajua ulipo. Mvua ilipo je?"

"Devotha, mke wangu, makande yanakaribia."

Yalikaribia mpaka saa tano. Akala sahani mbili, akaomba na ukoko.

Kupanda ile ndege ni kama kuingia kwenye kabati la nguo na mwanamume mnene. Bega lake bega langu, magoti yangu kifuani, na mlango unafungwa kwa kitasa ambacho mimi nisingekiamini hata kwenye banda la kuku. Akanivika hedifoni ili tusikilizane. Tukaruka.

Upande wa Kisiwani, ambako ndiko alikopanga kupita, mvua ilikuwa imeshuka hadi chini kama turubai. Nathanaeli akaitazama, akatazama saa.

"Tutakatiza juu ya milima," akasema. "Tunaingia bonde hili, tunatokea Suji, Same hiyo hapo."

Tukaingia. Mwanzoni bonde lilikuwa pana, nikaona mashamba ya tangawizi na vijia vyekundu. Halafu kuta zikaanza kusogea. Niliona mama mmoja anaanika nguo, na yule mama alikuwa ananitazama kutoka juu. Mimi niko ndani ya ndege, yeye yuko juu yangu. Hapo nikaacha utani.

Wingu lilikuwa limekaa juu ya bonde kama mfuniko. Kushoto migomba, kulia mwamba, mbele kijivu kitupu. Nikageuka nyuma kadiri mkanda ulivyoniruhusu: ile mvua ya Kisiwani ilikuwa inatufuata.

Kwenye kishikwambi kidoti chetu kilikuwa kinatembea vizuri kabisa, kimezungukwa na rangi nyekundu ya kuonya milima. Pembeni pameandikwa anga safi, na chini yake kwa maandishi madogo, saa.

"Shemeji, hii saa kumi na mbili na dakika kumi ni ya nini?"

"Ndiyo saa niliyopakua utabiri."

"Kabla ya makande."

"Kabla ya makande," akasema.

Akanipa simu yake nifungue tovuti ya Devotha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Ukurasa mweupe.

Ndipo kitochi changu, simu yangu ndogo ya vitufe, kikatetemeka mfukoni. Minara ya kule juu ilikuwa imekipata. Sikufikiri. Nikampigia dada yangu Dorkas, anayekaa Suji, nikaisukuma simu ndani ya hedifoni.

"Dorkas! Uko wapi?"

"Niko mlangoni kwangu. Mbona unapiga kelele, uko mashineni unasaga?"

"Niko kwenye ndege! Kanisa unaliona?"

"Kanisa lipi! Zizi langu lenyewe silioni. Ng'ombe namsikia tu analia. Tangu saa nne tuko hivi."

Nikamwambia Nathanaeli. Mbele yetu, kati ya wingu na mlima, palikuwa na upenyo mmoja, mdogo kama dirisha la jikoni.

"Naweza kujaribu pale," akasema taratibu. "Tukigeuka, ubatizo umekukosa."

Alikuwa ananiuliza mimi. Nikamwona mtoto na gauni lake jeupe, nililolishona mwenyewe. Nikamwona pia marehemu mume wangu, siku alipodandia lori la mtu aliyesema anawahi mnada. Walimrudisha kwenye lori jingine.

"Geuza, Nathanaeli."

Akageuza. Bawa likalala, na migomba ikaja dirishani hadi nikaona mkungu uliovishwa gunia. Sikupiga kelele, nafasi ya kupigia haikuwepo. Ndege iliponyooka nikatazama nyuma. Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa.

Tulitua Maore pamoja na mvua. Ikanyesha kiasi kwamba hatukuweza hata kufungua mlango, tukabaki mle kabatini, vioo vimejaa mvuke. Milima ilikuwa haipo tena.

Saa nane mwanangu Anderson akapiga kutoka kanisani Same, akaiweka simu kwenye spika. Bibi mwenzangu Fortunata, mama wa mkwe wangu, ndiye aliyemshika mtoto. Mwanamke huyo hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli vizuri.

"Mshike kichwa!" nikasema.

"Mama, nyamaza, padre anaanza."

Nathanaeli alikuwa ameinamia simu yake. "Imefunguka," akanong'ona. "Tovuti imefunguka."

Nikachungulia. "Si ukurasa mweupe uleule?"

"Hapana, shemeji. Hiyo ndiyo picha. Hilo ni wingu. Sisi tuko hapa katikati."

Kwenye simu maji yakamwagika, na padre akaita kwa sauti kubwa, "Asteria!"

"Abee!" nikaitika.

Kanisa zima likacheka, mtoto akaangua kilio, na mimi nikageukia dirisha lililojaa mvuke nikafuta macho kwa ukingo wa kitenge.

Nathanaeli akairudisha simu yake mfukoni. Kisha akauliza, kwa adabu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Shemeji, makande yalibaki?"

"Yalibaki. Na leo utayamaliza, huna pa kwenda."