Simu Aliyoshika Mke Mwenzangu

Juzi nilifungua simu niangalie maji yanakupwa saa ngapi. Nikatazama video moja, nikasukuma nyingine, na nilipoinua kichwa maji yalikuwa yameshajaa, shamba langu la mwani limefunikwa. Ndiyo maana leo simu nimempa Furaha, mke mwenzangu, anayeanika mwani ufukweni. Dada yangu angenihurumia. Furaha hawezi.

“Hata nikilia, usinipe,” nilimwambia. “Maji yakianza kujaa, niite.”

Sasa nimeinama nafunga mwani kwenye kamba, na kidole gumba hakitulii. Kinapanda juu ya kamba iliyolowa kana kwamba kuna kitu kitatokea chini yake. Kila fundo la tatu nageuka kutazama ufukweni. Nimeshaomba mara mbili, amekataa, na alivyokataa alifurahi.

Maji yananifika magotini. Hajaniita. Natoka kwa hasira, kamba nne nimeziacha tupu.

Furaha amekaa juu ya gunia, simu yangu mkononi, kidole gumba kinapanda.

“Bi Furaha, maji.”

“Namalizia hii,” anasema, hainui macho.

Nakaa ubavuni kwake nione ni ipi.